Ikisiri Iliyotumwa Mara Mbili

Karatasi mbili zilikuwa juu ya meza ya Inspekta Felisita Masele, na kama si majina yaliyokuwa juu yake, hata aliyeziandika asingeweza kuzitofautisha. Zilieleza jinsi miti ya pamba, ile inayobaki shambani baada ya mavuno, inavyoweza kutiwa kwenye chombo kilichofungwa, ikapashwa moto mkali, ikapitishiwa mvuke wa maji, na mwishowe ikatoa gesi ya haidrojeni ya kuendeshea mashine. Karatasi za namna hii wasomi huziita ikisiri. Unaeleza utafiti wako kwa ufupi, unawatumia wenye kongamano, nao wanaamua kama una la kusema mbele za watu au ubaki nyumbani kwako.

Ya kwanza ilikuwa na jina la Dokta Fredrick Mahona, mkuu wa idara ya nishati katika chuo kimoja cha ufundi hapo Bariadi. Ya pili ilitanguliza jina la Lukresia Ngassa, msaidizi wake wa maabara, la Dokta likifuata chini yake. Ya Dokta ilipokelewa Arusha, kwenye sekretarieti ya Kongamano la Nishati ya Haidrojeni, tarehe tatu Machi. Ya Lukresia ilipokelewa tarehe sita. Zilipishana siku tatu tu, na siku hizo tatu ndizo zilizomfanya binti wa watu awe anaripoti kituoni kila asubuhi kwa dhamana.

Chuo kilikuwa kimeandika barua kwamba Lukresia aliingia kwenye kompyuta ya mkuu wake bila ruhusa na kunakili kazi yake. Sekretarieti nayo ilikuwa imesema haina ugomvi na mtu, lakini orodha ya watoa mada inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Atakayeonekana ameiba atafutwa, na hatapokelewa tena kwa miaka mitano. Chuo hakingeweza kumbakiza mtu wa namna hiyo kazini. Baada ya hapo ingekuwa zamu ya mahakama.

Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

"Hilo jalada jepesi, Felisita," mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa amemwambia asubuhi, mkono mmoja kwenye kikombe cha chai. "Nani katangulia, nani kafuata. Lifunge, nilipeleke kwa wakili wa serikali."

Felisita alijibu ndiyo afande, akachukua mkoba wake, akaenda kufanya kinyume chake. Alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na hakuwahi kufunga jalada la mtu ambaye hajamtazama usoni.

Dokta Fredrick alimpokea vizuri mno. Alivuta kiti mwenyewe, akaagiza soda, akaomba radhi kwa joto la ofisi. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi mikono ikawa na mistari, na alizungumza taratibu kama anayewasomea wanafunzi imla.

"Inaniuma, Inspekta," alisema. "Yule binti nilimfundisha mimi. Alikuja hapa hajui hata kusoma kipimo cha joto."

"Pole sana, Dokta. Nina maswali machache tu, ya kukamilisha karatasi. Hii ikisiri uliituma mwenyewe?"

"Mwenyewe. Tarehe tatu, saa nane mchana, nikiwa hapa hapa ofisini."

"Hakuna aliyekusaidia? Karani, kijana wa kompyuta?"

"Mimi ndiye mwalimu wa hao vijana wa kompyuta." Alicheka kidogo. Akatoa karatasi kwenye faili na kuisogeza mezani. Ilikuwa risiti iliyochapwa kutoka kwenye tovuti ya kongamano: tarehe tatu Machi, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, namba ya mapokezi HN 417.

"Namba hii ni yako tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Haijapita mkono mwingine."

"Basi nisaidie kitu kimoja. Niandikie hapo chini maneno hayohayo, uweke sahihi. Wakili wa serikali anapenda karatasi zinazojieleza."

Dokta aliandika bila kusita, kwa mwandiko mzuri wa kulala upande. Felisita aliipokea, akaipepea kidogo wino ukauke, kisha akauliza kama mtu aliyekwisha kumaliza na sasa anapiga soga.

"Hiyo miti ya pamba uliipata wapi?"

"Kasoli. Kule pamba ni nyingi."

"Kwa nani?"

"Wakulima mbalimbali. Hatuandiki majina ya kila mkulima."

"Na imeandikwa ilikusanywa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Ilikuwa bado imesimama shambani?"

"Imesimama, ndiyo. Niling'oa mwenyewe, kwa mikono hii."

Felisita aliitazama ile mikono, akaitikia kwa kichwa, akanywa soda yake yote. Babake alilima pamba Dutwa miaka arobaini. Mtoto aliyelelewa na pamba hawezi kusahau kazi ya mwisho wa msimu, kung'oa ile miti yote, kuilundika na kuichoma, wadudu wasipate mahali pa kusubiria mvua. Katikati ya Septemba mtendaji wa kata anapita na daftari lake, na atakayekutwa na mti uliosimama analipa faini huku majirani wanamcheka. Mwezi wa kumi, Kasoli nzima ni udongo mtupu na majivu.

Kwa hiyo Dokta alikuwa hajang'oa kitu. Furaha ilimjia Felisita, lakini aliimeza ilipofika kooni, kwa sababu tarehe hiyohiyo ilikuwa kwenye karatasi ya Lukresia. Kama haikuwepo miti ya kung'oa, basi haikuwepo kwa wote wawili, na hapo angekuwa na waongo wawili wanaogombea uongo mmoja.

Alimkuta Lukresia nyuma ya karakana ya chuo. Maabara walikuwa wamemnyang'anya ufunguo, lakini chombo chake kilikuwa nje, chini ya bati, na hakuna aliyehangaika kukificha. Ulikuwa mtungi wa chuma uliochomelewa na fundi wa mjini, una bomba la kuingiza mvuke juu na la kutolea gesi ubavuni, na chini yake jivu lilikuwa limelundikana. Msichana mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tofali, mwembamba, kitambaa kichwani, mikono magotini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Usisimame. Mhola?"

"Mhola duhu," Lukresia alijibu, akashangaa kusikia Kisukuma kinywani mwa polisi.

Felisita alivuta tofali lingine akakaa. Alimwomba amweleze chombo kinavyofanya kazi, na kwa robo saa binti yule alikuwa mtu mwingine. Alieleza joto linavyopanda na mvuke unavyoingizwa kidogo kidogo. Alisema mara tatu za kwanza ilitoka moshi tu, hadi akagundua kwamba miti ikiwa na unyevu kazi yote inaharibika. Ndiyo maana ikisiri ilitaja unyevu wa sampuli, asilimia sita, yaani kavu kuliko kuni za dukani.

"Asilimia sita," Felisita alisema. "Mnayo mashine ya kukaushia?"

"Iliungua tangu mwaka juzi."

"Sasa ilikaukaje hivyo?"

Lukresia aligeukia mtungi wake.

"Na uliipata wapi, mwezi wa kumi, wakati kila mtu ameshachoma?"

Binti aliinama akaokota kijiti, akakivunja vipande viwili, kisha vinne.

"Lukresia, sikiliza. Saa kumi jioni wanakufuta. Jumatatu chuo kinakuandikia barua. Mimi siwezi kukutetea kwa kitu nisichokijua. Niambie mahali."

"Siwezi, afande."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliahidi." Machozi yalimlengalenga, lakini sauti yake haikutetereka. "Mtu alinisaidia. Nikikutajia wewe, wewe ni serikali."

Felisita alikasirika kweli, na zaidi ya kukasirika aliogopa, kwa sababu mtu anayenyamaza mbele ya polisi huandikwa kuwa ana hatia hata kabla wino haujafika kwenye karatasi. Akaamua kupita njia nyingine. Akafungua jalada, akaanza kumrudisha hatua kwa hatua kwenye maelezo aliyoyatoa kituoni.

"Tarehe sita ulituma hii ikisiri kutoka steshenari ya Dutwa."

"Ndiyo. Intaneti ya chuo ilikuwa imekatika, na nyumbani ni Dutwa. Nilituma mara ya pili pale pale, kwa Precious."

Kalamu ya Felisita ilisimama.

"Mara ya pili?"

"Ya kwanza nilituma tarehe tatu. Nikasubiri jibu, halikuja. Ndiyo nikarudi tarehe sita."

"Mbona haimo kwenye maelezo yako?"

"Aliyeniandika aliniuliza kama nilituma tarehe sita, nikasema ndiyo. Hakuniuliza za kabla yake."

Felisita aligeuza barua ya sekretarieti mbele na nyuma, kana kwamba kitu kingeweza kuwa kimejificha mgongoni. Waliandika wazi kwamba kwa jina la Lukresia Ngassa wamepokea ikisiri moja tu, HN 431, tarehe sita. Sasa ile ya tarehe tatu ilikwenda wapi?

"Jibu ulilisubiri wapi? Kwenye simu yako?"

"Hapana. Kwa Dokta." Lukresia alisema hivyo kama anavyosema mtu jambo la kawaida kabisa. "Pale kwenye fomu kuna nafasi ya anwani ya mawasiliano. Niliandika jina langu likitangulia, lake likifuata kwa kuwa ni msimamizi, halafu anwani nikaweka ya kwake. Ningewekaje yangu naye yupo? Hata ukipeleka mbuzi kwa watu, unapitishia kwa mkubwa wa mji. Na ya kwangu yenyewe sina, afande. Ile niliyofunguliwa nikiomba mkopo nilishasahau neno la siri."

"Dokta ulimwuliza kama jibu limefika?"

"Kila siku. Akasema hakijaingia kitu."

Felisita alifunga jalada polepole. Pale kwenye tofali alijua tayari nini kimetokea. Lakini kujua si ushahidi, na saa yake ilionyesha saa tano na nusu.

Gari la kituo lilikuwa safarini, kwa hiyo alipanda basi la kwenda Lamadi akashuka Dutwa. Pande zote za barabara pamba ilikuwa imeanza kutoa maua, na wanawake walikuwa wamejipanga mistarini na majembe. Steshenari ya Precious ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi baiskeli na duka la mbegu. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutolea nakala iliyofunikwa kanga, na watu watatu wakisubiri kujaziwa fomu. Precious mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kucha nyekundu, ulimi mwepesi.

"Shikamoo mama. Ni ajira, mkopo au cheti cha kuzaliwa?"

"Marahaba. Ni polisi."

Wale watatu walikumbuka shughuli zao mahali pengine. Precious alibaki na mikono hewani juu ya kibodi.

"Sijaiba kitu cha mtu mimi."

"Sijasema umeiba. Lukresia Ngassa unamfahamu?"

"Wa haidrojeni! Namfahamu sana. Ile karatasi nimeichapa mimi, mpaka nikaota mitungi." Kisha akaona uso wa Felisita, akapunguza. "Kapata matatizo?"

"Ulimtumia mara ngapi?"

"Mbili. Mara ya kwanza tuliweka barua pepe ya bosi wake, alivyotaka yeye. Nikamwambia dada weka yangu, mimi wateja wote nawawekea yangu, majibu yakija nawapigia simu. Akakataa, eti si adabu. Haya, heshima zikamponza, jibu halikuja. Ya pili nikaweka yangu, sikumwuliza."

"Mara ya kwanza, ulipobonyeza kutuma, kitu gani kilitokea kwenye kioo?"

"Asante, tumepokea, na namba."

"Hukumchapia hiyo namba?"

"Wino ulikuwa umeisha. Ila niliiandika."

Felisita alijikuta ameshika ukingo wa meza. "Uliiandika wapi?"

Precious aliinama chini ya meza akatoa kaunta buku nene, jalada lake limezungushiwa gundi ya karatasi. "Kila namba ninaandika humu. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alinipigia kelele hapa mbele za watu, eti sikumtumia maombi yake, kumbe nilituma. Tangu siku hiyo mteja jina, kazi, tarehe, namba. Na anaweka sahihi mwenyewe, tusije tukatafutana."

Alilowesha kidole, akafungua kurasa. Maombi ya ajira, maombi ya mkopo, matokeo ya mtihani, cheti cha kifo. Kidole kilishuka na ukucha wake mwekundu, kikasimama.

Tarehe tatu Machi. Lukresia Ngassa. Karatasi ya haidrojeni, Arusha. HN 417.

Mbele yake ilikuwa sahihi ndogo ya Lukresia, na juu yake na chini yake wateja wengine wa siku hiyo, kila mmoja na sahihi yake, mstari umebana mstari. Hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza uzi. Felisita alisoma ile namba mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti.

"Kuna kitu kingine?" Precious alinong'ona.

"Kuna kitu ulichokichapa kikafutwa?"

"Neno moja tu. Aliandika kwa mkono kwamba sampuli zimetoka kijiji cha Migato. Nikachapa. Halafu akashtuka, akaniambia futa, weka mkoa tu, Simiyu."

Felisita hakuandika hilo. Alitazama nje, ambako fundi baiskeli alikuwa akizungusha gurudumu. Migato, mwezi wa kumi, miti mikavu kupita kiasi. Kama ingekaa nje ingeonekana, na isingekauka hivyo. Basi ilikuwa darini jikoni, juu ya mafiga, mafungu kwa mafungu, ikila moshi miezi mitatu. Kuni ziko mbali, na mama mwenye watoto hawezi kutazama mzigo mzima wa kuni ukichomwa shambani kwa sababu ya funza. Mamake Felisita alikuwa akificha mafungu mawili kila mwaka, na babake alijifanya hayaoni.

"Hiki kitabu nakichukua," alisema. "Ni kielelezo."

"Mama! Na kazi yangu? Watu watanila nyama."

Felisita alivuka kwenye duka la jirani, akarudi na kaunta buku jipya, akamwekea mezani. Kisha akajaza hati ya kukamata mali, Precious akasaini kwa kununa, na fundi baiskeli, mzee Mayige, akaitwa awe shahidi. Alifuta grisi mikononi, akaomba asomewe yote kwanza, akasomewa, akauliza kama namba hiyo ndiyo itamtoa mtoto wa Ngassa matatani.

"Ikiwa ni ya kweli, itamtoa," Felisita alisema.

"Ya huyu ni ya kweli," mzee alisema akimwonyesha Precious kwa kidevu. "Kelele anazo, uongo hana."

Saa tisa na robo walikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Mkuu mwenyewe alikaa nyuma ya meza yake pana, Dokta Fredrick kulia kwake, Lukresia karibu na mlango, kwenye kiti alichokichagua mwenyewe kwa kuwa kilikuwa kifupi kuliko vyote. Felisita aliweka mezani ile risiti yenye maandishi ya Dokta.

"Dokta, haya maneno bado ni yako? Namba ni yako tangu mwanzo, haijapita mkono mwingine?"

"Ni yangu. Nilisaini mbele yako."

Felisita alifungua kaunta buku penye kipande cha gazeti, akaliweka kando ya risiti. Mkuu wa chuo alivaa miwani. Alitazama risiti, akatazama kitabu, akarudi kwenye risiti. Feni ya juu ilikuwa ikikwaruza.

"Hii ni nini?" mkuu aliuliza.

"Kitabu cha steshenari ya Dutwa. Saa nane mchana tarehe tatu, namba 417 ilitolewa pale, kwa Lukresia Ngassa. Dokta anasema saa hiyohiyo alikuwa hapa ofisini. Namwamini. Ndiyo maana najiuliza namba ya Dutwa ilimfikiaje."

"Mtu yeyote anaweza kuandika namba kwenye daftari," Dokta alisema. Sauti ilikuwa ileile ya imla, ila sasa aliharakisha.

"Kweli kabisa. Kwa hiyo tuwaulize walioitoa."

Mkuu alipiga simu Arusha, akaweka sauti ya wazi. Bwana mmoja wa sekretarieti aliitika, akaomba dakika moja, wakasikia vidole vyake vikigonga.

"Namba 417," alisema. "Iliingia tarehe tatu mchana. Mwandishi wa kwanza Lukresia Ngassa, wa pili Fredrick Mahona. Risiti ikaenda kwenye anwani ya mawasiliano. Saa mbili usiku huohuo ikafunguliwa kwa anwani hiyo na kurekebishwa. Jina la kwanza likaondolewa. Akabaki Mahona peke yake."

"Mbona hamkutuambia?" mkuu aliuliza.

"Mlituuliza ya nani imetangulia, mheshimiwa. Hakuna aliyetuuliza kama imebadilishwa."

Dokta Fredrick alivua saa yake, akaivaa tena. Alipozungumza hakumtazama Felisita, alimtazama Lukresia.

"Anwani ni yangu. Aliiweka mwenyewe. Sikumwibia mlango, alinifungulia." Akageukia meza. "Na niambieni ukweli, mkuu. Karatasi inatoka Bariadi, jina la msaidizi wa maabara asiye na shahada mbili, nani Arusha ataisoma? Nilitaka kazi isikike."

"Ingesikika jina lake likitangulia na lako likifuata," Felisita alisema. "Alivyoiandika yeye. Alikuheshimu mpaka akakukabidhi ufunguo, na ulipoulizwa kama jibu limefika ukamwambia hakijaingia kitu. Hukuishia hapo. Ulimpeleka polisi. Kesho asubuhi saa mbili, Dokta, utakuja kituoni wewe, kuandika maelezo. Njoo na wakili ukipenda."

Dokta alisimama, akasahau faili lake, akatoka. Alipopita mlangoni Lukresia aliinuka kumpisha, kwa mazoea, kisha akakaa tena kabla hajamaliza kuinuka.

Bwana wa Arusha alikuwa bado hewani. "Samahani, saa yangu ni kumi kasoro ishirini. Nifute 417 nibakize 431? Ila 431 anwani yake ni ya steshenari. Nipeni anwani ya mwenye kazi."

Macho yote yalimgeukia Lukresia. Felisita alimpa simu yake mwenyewe, akampigia Precious amwelekeze kufungua anwani, na kwa muda uliofuata chumba kizima cha heshima kilisikiliza sauti ya Dutwa ikiamuru herufi kubwa, herufi ndogo, namba, "na safari hii neno la siri uliandike kwenye kanga yako ukilazimika!" Lukresia alipoisoma anwani hiyo mpya kwa bwana wa Arusha, aliitamka polepole, kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyezaliwa leo.

"Vizuri. Jina la pili, Dokta Mahona, libaki?"

Lukresia alifikiri. Mkuu wa chuo alitaka kusema kitu, Felisita akamtazama, akaacha.

"Alinifundisha kusoma kipimo cha joto," Lukresia alisema. "Kwa hilo namweka kwenye shukrani. Kazi hakuifanya. Kwenye waandishi litoke."

"Nimelitoa. Shukrani, kuna mwingine?"

Hapo binti aliinua macho. Alimtazama Felisita, akatazama chini.

"Yupo," alisema. "Bila yeye nisingepata hata kijiti kimoja. Lakini jina lake haliandikiki."

"Basi inabaki hivyo," bwana alisema. "Karibu Arusha, mwezi wa saba." Simu ikakatika. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Nje, chini ya bati la karakana, Lukresia aliugusa mtungi wake kwanza, kama mtu anayehakikisha ng'ombe wake yupo zizini, ndipo akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, na Felisita alimwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa.

"Wabeja sana, mayu," alimshukuru, akimwita mama.

"Ng'wanone, mwanangu, huyo mtu ambaye mimi simfahamu," Felisita alisema akifunga mkoba, "mwambie moshi wa jikoni unakausha vizuri kweli. Lakini mtendaji naye ana pua. Mwaka huu abakize mafungu machache, ayafunike na mabua ya mtama."

Lukresia alimkodolea macho, mdomo wazi. Kisha kicheko kilimtoka, cha kwanza wiki hiyo, akakiziba kwa kiganja.

Kituoni, mkuu wa upelelezi alisoma ripoti hadi ukurasa wa mwisho, akarudi wa pili, akagonga kidole.

"Kazi nzuri. Ila hapa, mahali zilipopatikana sampuli, umeandika Simiyu tu. Kijiji gani? Wewe huwa huachi nafasi."

"Simiyu inatosha, afande."

Mkuu naye alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba. Akachukua kalamu, akatia sahihi.